Lugha ya kitaaluma si lugha ya maneno mazito

Hapa Tanga, wanafunzi wengi wa sekondari wanaamini kwamba insha ya kitaaluma ni yenye maneno mazito na sentensi ndefu kama reli. Imani hii ni ya siku nyingi, na inawapotezea watoto wetu alama bure.

Chukua sentensi kama hii: "Zao adhimu la mkonge lilipatwa na madhila lukuki." Inapendeza masikioni, lakini hatujui ni lini, wala madhila gani. Sasa soma hii: "Bei ya mkonge ilishuka katika miaka ya 1960, na mashamba mengi yakaanza kupunguza uzalishaji. Kushuka huko kulichangiwa na nyuzi za viwandani."

Hakuna neno hapo la kutafutia kamusi. Wakati umetajwa, sababu imetajwa. Kitenzi "ilishuka" kimegeuzwa jina, "kushuka huko", ili sentensi ya pili ishike hoja pale ilipoachwa. Kwangu mimi, hili lina uzito kuliko msamiati wote. Na tazama "kulichangiwa": mwandishi hakuandika "kulisababishwa", maana zilikuwapo sababu nyingine. Huko ndiko kupima kauli.

Istilahi zina mahali pake, bila shaka. Usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hauna jina jingine la mkato. Lakini hufafanuliwa mara ya kwanza, kisha hutumika vilevile hadi mwisho.

Unaposoma kitabu cha kiada, weka kidole kwenye "hata hivyo" na "kwa hiyo". Hapo ndipo hoja inapokata kona.