Ruzuku za Utafiti, Bamvua na Tarehe 30 Juni

Taasisi ndogo za serikali zinazoniita kuzishauri hapa Mombasa huniwekea mezani nyaraka tatu: sera ya mazingira, sera ya ujumuishaji na mwongozo wa ruzuku za utafiti. Mara nyingi zimeandikwa na watu watatu tofauti, zote zina saini ya mkurugenzi, na hakuna hata moja inayoitaja mwenzake. Kazi yangu ni kupanga na kukagua fedha za utafiti, na kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mambo hayo matatu huamuliwa mahali pamoja, napo ni kwenye ratiba ya malipo na masharti ya fomu. Anayetaka kujua taasisi inajali nini kwa dhati aombe mpango wa ununuzi wa mwaka kabla ya kuomba sera.

Sheria zipo za kutosha. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka angalau asilimia 5 ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa na za kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, kwa hatua. Ibara ya 27 inaweka kanuni ya theluthi mbili za jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa taasisi hizo. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 nayo inaitaka kila taasisi ya umma iwe na kitengo chake cha tabianchi na kutoa ripoti kila mwaka. Katika taasisi yenye wafanyakazi wachache, kitengo hicho ni afisa mmoja, naye ndiye huyo huyo anayeshughulikia fomu za likizo na funguo za gari. Sisemi kwa kejeli, kwani nimewaona maafisa wa aina hiyo wakifanya kazi kubwa. Nasema ili ieleweke kwamba sera isiyogusa fedha humwangukia mtu asiye na fedha.

Ripoti nyingi za mazingira ninazosoma huanza na balbu na kuishia kwenye karatasi. Balbu hupunguza bili, na hilo ni jema kwa taasisi inayowasha viyoyozi katika joto la Februari na Machi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Ziwa Turkana, kwa hiyo kaboni ya taasisi ya pwani haiko kwenye soketi. Iko kwenye dizeli ya jenereta, petroli ya mashine ya boti, gari linalokwenda Vanga na kurudi siku hiyo hiyo, na tiketi za ndege za kuhudhuria kikao kifupi Nairobi. Gharama hizo zote hukaa kwenye fungu la usafiri la kila mradi wa utafiti, ambalo sera ya mazingira haiwahi kulisoma. Ndiyo maana napendekeza fomu ya kuombea ruzuku ndiyo iulize lita za mafuta, wala si afisa wa tabianchi aje kuzitafuta mwaka ukishakwisha.

Jambo linalonikera zaidi ni tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na pwani yetu huwa na misimu miwili mikubwa: kusi, inayovuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba na kuchafua bahari hasa Juni hadi Agosti, na kaskazi, inayoanza Novemba na kutulia vya kutosha kwa mitumbwi na ngalawa kutoka. Kwa hiyo mwaka wa serikali hufunguliwa katikati ya kusi. Ikiwa tangazo la ruzuku litatoka Agosti, tathmini ifanyike Oktoba, mikataba isainiwe Desemba na fedha ziingie benki Februari, mtafiti aliyeahidi kulinganisha samaki wa kusi na wa kaskazi atabakiwa na mwisho wa kaskazi na mwanzo wa kusi tu. Mahesabu yatataka yafungwe Juni, na fedha zisizotumika zirudi. Matokeo yake ni data ya miezi michache inayoandikwa kana kwamba ni ya mwaka mzima, na mtu asiyejua ratiba ya malipo hatagundua kilichotokea kwa kusoma ripoti pekee.

Kalenda hiyo hiyo ndiyo inayoamua nani anajumuishwa. Chukua wanawake wanaolima mwani Kibuyuni, Kaunti ya Kwale. Mwani hufungwa kwenye kamba katika maji mafupi, na kazi yake hufanyika maji yakipwa sana, yaani siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika pwani hii, bamvua hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa nne asubuhi ndiyo saa inayopendwa mno na ofisi za serikali kwa mikutano ya maoni ya umma. Mkutano ukiangukia siku ya bamvua, wanaume watajaa ukumbini, wanawake watakuwa majini hadi magotini, na orodha ya mahudhurio itaandikwa kwamba jinsia zote zilialikwa. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini linapatikana kwa yeyote, na afisa akilitazama kwa dakika chache tu atauhamishia mkutano siku za maji mafu, yasiyopwa sana.

Masharti ya fedha hubagua vivyo hivyo bila ya mtu kukusudia. Fomu moja niliyoipitia ilikitaka kikundi cha ufuo kiwe na taarifa za benki za miaka mitatu, cheti cha ulipaji kodi, kompyuta ya kupakia nyaraka, na uwezo wa kutumia fedha zake kwanza kisha kurudishiwa. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloua. Kikundi cha wavuvi hakina akiba ya kuikopesha serikali. Kwa upande wa watu wenye ulemavu, nilichokutana nacho mara nyingi ni sentensi ya kuwahimiza waombe, bila fungu la mkalimani wa lugha ya ishara wala la usafiri wa msaidizi. Ukiuliza utaambiwa litatoka kwenye bajeti ya mradi, ambayo tayari ina kikomo.

Mfano wa kinyume uko karibu nasi. Ghuba ya Gazi ilianza kupandwa mikoko kwa majaribio ya kitafiti mapema katika miaka ya 1990, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, yenye makao makuu hapa Mombasa, ikabaki na kituo chake pale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza kaboni inayofyonzwa na mikoko mwaka 2013, takriban miaka 20 baadaye, kwa hekta 117 na kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yakaingia kwenye maji na shule za Gazi na Makongeni. Hakuna ruzuku ya miezi kumi na miwili ambayo ingeweza kuuzaa mradi huo. Vipimo vya ukuaji wa miti vilihitaji watu walewale kurudi kwenye viwanja vilevile mwaka hadi mwaka, na wanavijiji waliokwisha kuwazoea.

Kitaifa, sheria ya sayansi ya 2013 iliuahidi Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Taasisi ndogo haina la kufanya kuhusu hilo, ila inaweza kupanga kidogo ilicho nacho: itangaze ruzuku Februari badala ya Agosti, isaini mikataba kabla ya bajeti mpya kuanza kutumika, na igawe mradi wa misimu miwili katika awamu mbili zenye mkataba mmoja. Kuhusu malipo ya awali, wahasibu huniambia kwamba masurufu, yaani fedha zinazotolewa kwanza na kutolewa hesabu baadaye, ni ya watumishi wa umma pekee, na ni kweli. Kikundi cha jamii hupewa awamu ya kwanza kwa mkataba wa ruzuku, kwa kiasi kidogo, kikirudisha risiti kabla ya awamu ya pili, na mkaguzi hana neno mradi utaratibu huo uwe umeandikwa katika mwongozo kabla ya tangazo kutoka.