Ada ya kuchapisha makala: iulize kabla hujatuma

Mtafiti kijana wa Mlimani au Muhimbili akishamaliza makala yake, swali la kwanza siku hizi ni nani atalipa. Zamani maktaba zililipia majarida, mwandishi mara nyingi hakudaiwa kitu. Wafadhili wa Ulaya walipotangaza Plan S, mpango wa kutaka tafiti wanazozifadhili zisomwe bure, mwaka 2018, ukaanza kazi 2021, majarida mengi yalimfungulia msomaji mlango na kumpelekea mwandishi ankara. Nature, jarida mashuhuri la sayansi, ilianza njia hiyo kwa yuro 9,500 kwa makala moja. Sasa upepo unageuka: tangu Januari 2025 taasisi ya Gates hailipii tena ada hizo, inataka andiko la awali, yaani makala kabla ya kuhakikiwa na jarida, liwekwe wazi mtandaoni.

Msamaha wa ada upo, ila una masharti yanayowaponyoka wengi. PLOS, mchapishaji wa majarida yanayosomwa bure, hufuata orodha ya Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini nafuu ya kupata majarida ya kitaaluma, na Tanzania imo kundi A, lenye nafuu kubwa zaidi. Wachapishaji wengine hutazama madaraja ya Benki ya Dunia, ambako Tanzania ilipandishwa Julai 2020 kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Kwa hao unaweza kupewa punguzo badala ya msamaha kamili. Soma ukurasa wao wa ada kabla ya kutuma.

Omba msamaha siku ileile unayotuma makala. Ukisubiri hadi ikubaliwe, wengi watakukatalia. Angalia pia nani ni mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake: mara nyingi anuani yake ndiyo inayoamua. Ukimweka profesa mwenza wa Uingereza kwa heshima tu, msamaha umekwenda. Kwa majarida mseto, yanayowauzia wasomaji usajili huku yakipokea ada za waandishi, msamaha ni nadra. Chagua njia ya usajili, hulipi, kisha weka nakala iliyokubaliwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo muda wa zuio, ambao mchapishaji hukukataza kuiweka wazi, ukiisha.

Wasiojua haya ndio wanaonaswa na majarida ya kitapeli. Baruapepe inakuita "Profesa mtukufu", inaahidi majibu ndani ya siku saba, ada dola mia na ushee. Uhakiki wa kweli huchukua wiki nyingi, aghalabu miezi.

Kuyatambua, anza na ISSN, namba ya utambulisho wa jarida. Chukua ya Nature, 0028-0836. Zidisha tarakimu saba za mwanzo kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, jumlisha: unapata 82. Gawa kwa 11, baki ni 5. 11 kutoa 5 ni 6, ndiyo tarakimu ya mwisho. (Ikitoka 10 huandikwa X, baki ikiwa sifuri, huandikwa 0.) Namba isiyokubali hesabu hii si ISSN halali. Inayokubali bado haijasafika, maana matapeli huiba ISSN ya jarida halali na kulijengea tovuti pacha. Itafute portal.issn.org, ulinganishe jina la mchapishaji na anuani ya tovuti, herufi kwa herufi. Jarida linalojiita huria, yaani linalosomwa bure, litafute pia DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo.

Kama umeshatuma kwa jarida la kitapeli, andika mara moja kwamba unaiondoa makala, usisaini fomu ya hakimiliki, na usilipe "ada ya kujitoa" watakayokudai. Tunza barua hizo zote. Wakiichapisha bila ridhaa yako, jarida halali litakuuliza kwa nini makala ileile tayari iko mtandaoni, na zile barua ndizo zitakazokujibia.