Kabla hujaniletea ile 384 yako

Kila nikipata darasa jipya la masters ya afya ya jamii hapa Kampala naanza na swali moja, sampuli yako watu wangapi, na wote wanaitika kama kwaya: 384! Fomula ya Kish ya 1965, ile ya kukadiria sampuli, wameikariri kuliko namba zao za simu. Haya, 1.96 (ya uhakika wa asilimia 95) mara yenyewe, mara 0.5, mara 0.5 (ukichukulia nusu wanacho unachotafuta, nusu hawana), gawa kwa 0.05 (kosa unaloliruhusu) mara yenyewe, inatoka 384.16, na kwa vile huwezi kumhoji 0.16 ya mtu unapandisha, ni 385. Hapo nusu ya darasa washaninunia. Tena hiyo ni kama unachota mtu mmoja mmoja, ila nyie mnachota vijiji kwanza, na watu wa kijiji kimoja wanafanana, basi zidisha kwa 1.5 au 2 hivi.

Hesabu lakini si shida, kompyuta itakufanyia. Shida ni dodoso, yale maswali unayokwenda nayo kwa watu.

Mwanafunzi kaandika "Je, familia yako inatumia neti ya mbu?" Tukaenda kulijaribu Bwaise, mtaa wa hapahapa Kampala, kila mtu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na kwa nini waseme hapana, umekuja na tableti na kitambulisho shingoni, neti zenyewe ziligawiwa bure, nani anataka kurukwa awamu ijayo? Ndo maana ule utafiti mkubwa wa UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, wa idadi ya watu na afya hauulizi hivyo. Unaandika kwanza waliolala nyumbani usiku wa kuamkia leo, kisha unaulizia neti moja moja, unaomba hata kuiona, na kwa kila neti: nani alilala humu jana usiku? Wanafunzi wanabisha, usiku mmoja tu, je kama baba alisafiri? Sawa, huyo baba atakupotea, ila wewe hutafuti tabia za huyo baba, unatafuta asilimia, na jana mtu anaikumbuka. Ukimuuliza "kwa kawaida" anakupa vile angependa aonekane.

Sasa lugha, hapa ndo napagawa kabisa. Dodoso linauliza kama mtoto alikuwa na homa ndani ya wiki 2 zilizopita, kwa Kiganda wanaweka omusujja, na omusujja ni homa kweli ila watu wengi wakilisikia akilini inakuja malaria. Mama ambaye mtoto wake alichemka mwili, akapimwa, akaambiwa hakuna malaria, anakujibu hapana bila kudanganya hata kidogo. Na usitegemee ile ya kumpa mtu wa pili arudishe tafsiri kwenye lugha ya kwanza, omusujja itarudi "homa" safi kabisa na wote mtapongezana. (Sisi wa Kiswahili tusicheke, homa yetu nayo ni hivyohivyo.) Ninachowafanyisha ni kukaa na kina mama watano sita kabla ya fildi, unauliza swali, anajibu, halafu unamwambia mama, hebu nieleze hapo umeelewa nini. Siku moja tu ya hiyo kazi na wenyewe wanaanza kufuta maswali.

Wiki iliyopita mmoja karudi kutoka Bwaise na dodoso limejaa wino mwekundu, swali la homa kaliandika upya mara nne, nikafurahi sana moyoni, nikamuuliza kama kuna kitu bado kinamsumbua. Akasema ndiyo dokta, sasa kwenye proposo niandike 384 au 385?