Mchawi hasubiri kuokota kitabu

Jumapili, Area C hapa Dodoma, tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, sahani ya zabibu ikiwa kati ya dadu na daftari, mwenzetu alinyong'onyea. Mchawi, mhusika wake, kafika daraja la 5, “lakini sijaokota kitabu chochote cha uchawi, basi sijifunzi kitu.”

Sivyo, ndugu yangu. Katika Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014, mchawi huanza na uchawi wa aina 6 kitabuni mwake, na kila akipanda daraja huongeza 2 bure, matunda ya utafiti wake mwenyewe. Wa kuokota ni nyongeza: kuunakili hula saa 2 na sarafu 50 za dhahabu kwa kila daraja la uchawi huo wenyewe, si la mchawi. Kuhani, mhusika wa aina nyingine, kwa upande wake hahitaji kitabu kabisa, huomba.

Mwenzetu akachukua penseli, akaandika uchawi wake mpya: mpira wa moto.