Kabla ya kumpima mtoto kifua kikuu (TB), tuulize nani anakohoa nyumbani

Binti wa mwaka mmoja na miezi minane alifikishwa wodini kwetu akiwa ameshapita mikono mingi. Alikuwa ametibiwa nimonia mara mbili, akapewa dawa ya malaria ingawa kipimo kilisoma hasi, akanyweshwa na dawa ya minyoo. Majirani walimwambia mama yake kwamba mtoto amebemendwa, naye akaibeba aibu ile bila kumjibu mtu. Mwishowe mtoto akapelekwa kwa fundi, akakatwa kimeo ili kikohozi kikome. Hakikukoma. Kwenye kadi yake ya kliniki, nukta za uzito zilikuwa zimelala mstari mmoja kwa miezi mitano: kilo 8, kilo 8, kilo 8.

Makohozi hakuwa nayo ya kutoa. Picha ya kifua ilikuwa na kivuli ambacho madaktari wawili wangeweza kukisoma kwa namna mbili. Jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi la nje: bibi aliyemsindikiza mjukuu wake, akikohoa kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo bibi. Kikohozi hicho kimeanza lini?"

"Marahaba mwanangu. Tangu mvua za vuli. Uzee tu huu."

Wakati huo masika ilikuwa inaelekea ukingoni. Na mtoto, tulipouliza, alikuwa analala na bibi kitanda kimoja tangu alipoachishwa ziwa. Makohozi ya bibi yalipimwa siku ileile yakakutwa na vimelea vya kifua kikuu. Mjukuu alianza dawa kabla ya jua kuzama, bila hata kipimo chake kimoja cha maabara kusoma chanya.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina jambo ambalo ningependa kila mzazi na kila mhudumu wa zahanati alijue. Mtoto mdogo hupata TB kutoka kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo yumo nyumbani au ni wa karibu sana: babu, dada wa kazi, mjomba aliyerudi kutoka mgodini, mpangaji wa chumba cha pili, mwalimu wa chekechea. Mtoto mwenyewe ni nadra kuwaambukiza wengine, kwani vimelea alivyonavyo ni vichache na kifua chake hakina nguvu ya kuvirusha hewani. Kwa hiyo tukimkuta mtoto wa miaka miwili ana TB, tunajua kuna mkubwa mahali fulani anayeumwa, na huenda hajijui.

Uchache huohuo wa vimelea ndio unaotuhangaisha kwenye uchunguzi. Darubini huhitaji maelfu ya vimelea katika kila mililita moja ya makohozi ili mtaalamu avione. Mtu mzima mwenye TB ya mapafu anavyo. Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hana, na hata kidogo anachokohoa hukimeza. Kwa miaka mingi tulilazimika kumlaza njaa usiku kucha, alfajiri tukampitishia mpira puani hadi tumboni na kuvuta alichomeza. Mtoto analia, mama analia, na mara nyingi majibu bado yanarudi hasi.

Siku hizi kuna njia ya upole zaidi. Kwa kuwa makohozi yaliyomezwa hupita tumboni na kutoka, chembe za urithi za vimelea hupatikana kwenye choo kikubwa, na mashine ya GeneXpert huweza kuzitambua. Ni mashine ileile inayopima makohozi ya watu wazima. Hutoa majibu ndani ya saa mbili hivi na hueleza pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Shirika la Afya Duniani limeshaidhinisha kipimo hiki cha choo kwa watoto. Mama huombwa kinyesi kidogo tu. Naomba wazazi wasione haya kukileta.

Lakini nisisitize: majibu hasi ya mtoto hayafuti TB. Majibu chanya yanatosha kuanza dawa, majibu hasi hayatoshi kumrudisha nyumbani. Nimeona watoto wakipotea hapa, pale ambapo karatasi ya maabara imesema "hakuna vimelea" na kila mtu akapumua. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 uliweka utaratibu wa alama. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kina alama zake, kupungua uzito zake, homa ya muda mrefu zake, na yanayoonekana kwenye picha ya kifua zake. Jumla ikizidi 10, mtoto aanzishiwe matibabu hata kama maabara imesema hapana. Upo na utaratibu wa vituo visivyo na eksirei, kwani ugonjwa huu hausubiri mashine ifike.

Ukali wa jambo hili uko kwenye hesabu ya dunia. Zaidi ya watoto milioni moja wa chini ya miaka 15 huugua TB kila mwaka, na karibu nusu yao hawagunduliki au hawaandikishwi popote. Kati ya watoto wanaofariki kwa ugonjwa huu, zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuwahi kuanzishiwa dawa. Dawa ipo, tena inaponya. Kinachokosekana ni mtu wa kuitilia TB shaka mapema.

Na shaka hiyo huchelewa kwa sababu dalili za mtoto zina majina mengine mitaani. Mtoto anayekonda anaambiwa amebemendwa, na hapo lawama inawaangukia wazazi, hasa mama. Matokeo yake mama anaficha mtoto kipindi ambacho angetakiwa kumtoa. Mama huyo nataka asikie kutoka kwa daktari wa watoto: kukonda kwa mwanao hakutokani na ulivyoishi na mumeo. Kunatokana na chakula kisichotosha au na ugonjwa, na yote mawili yana tiba. Kuhusu kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni haisababishi kikohozi cha wiki kadhaa. Kuikata kunaleta damu na vidonda, na wembe unaopita mdomo hadi mdomo huhamisha magonjwa mapya. Na muda wote huo TB inaendelea kifuani bila kuguswa.

Dalili za kuangalia ni hizi: kikohozi au homa inayozidi wiki mbili, uzito unaoshuka au usiopanda, na mtoto aliyekuwa akicheza ambaye sasa anakaa pembeni akiwatazama wenzake. Hiyo ya mwisho mama huiona kabla ya daktari yeyote. TB pia haikai mapafuni tu. Tezi za shingoni zinazokua taratibu bila maumivu, nundu inayoota mgongoni, tumbo linalojaa maji, zote zinaweza kuwa ni yenyewe. Ikipanda kwenye ubongo, mtoto huanza kutapika, kulalamika kichwa, kusinzia kupita kawaida, shingo kukakamaa au kupata degedege. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali achunguzwe TB tangu siku ya kwanza, na achunguzwe tena iwapo amepewa lishe dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo, na uzito haupandi. Mwenye VVU ndiyo zaidi. Na kila mtoto anayegundulika na TB hupimwa VVU, kwa sababu dawa za pande mbili zinaathiriana: rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV, na dozi lazima irekebishwe. Mzazi anayeficha ARV za mtoto kwa kuogopa macho ya watu anatunyima jambo tunalolihitaji sana. Chumbani kwa daktari sema.

Tukija kwenye matibabu, hapa nina furaha ya kweli. Wakati nasoma udaktari, tulikuwa tunavunja vidonge vya watu wazima kwa kisu na kuvisaga, chungu kama shubiri, tukikisia nani amepata robo kamili. Sasa kuna vidonge vya watoto vyenye rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi kwa kipimo sahihi ndani ya kidonge kimoja, vyenye ladha ya matunda. Jirani zetu Kenya walikuwa nchi ya kwanza kuvisambaza nchi nzima, mwaka 2016. Idadi hufuata uzito: mtoto wa kilo 4 hadi 7 hupewa kimoja, wa kilo 8 hadi 11 viwili, wa kilo 12 hadi 15 vitatu, wa kilo 16 hadi 24 vinne. Kwetu Tanzania huongezwa dawa ya nne, ethambutoli, katika miezi miwili ya mwanzo. Yeyusha vidonge kwenye maji safi mililita 50, yaani chini kidogo ya robo kikombe, na mtoto anywe yote ndani ya dakika 10. Uzito ukipanda, idadi hubadilika, kwa hiyo mtoto apimwe kila anapokwenda kuchukua dawa.

Mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa. Hiyo ni rifampisini, wala si damu. Macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo au kukataa kula kabisa ni sababu ya kurudi kituoni haraka.

Muda wa kawaida ni miezi sita. Utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India kwa watoto 1,204 ulionyesha kwamba kwa TB isiyo kali miezi minne hutibu sawasawa na sita, na Shirika la Afya Duniani likaipokea njia hiyo mwaka 2022. Anayeamua kama ya mtoto wako ni kali au si kali ni daktari. TB ya ubongo au ya mifupa huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi mwaka mzima. Tatizo ni mwezi wa pili, mtoto anaponawiri, anakula ugali na kukimbizana na wenzake, na nyumba nzima inaona amepona. Dawa zikikatishwa hapo, vimelea vilivyobaki hurudi, tena vikiwa vimejifunza kuishi na dawa.

Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo begani, huwakinga watoto wachanga dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Haizuii TB yote. Nimekuta wazazi wakisema, "Daktari, huyu alichanjwa," kana kwamba mjadala umefungwa. Kovu lipo, na TB inaweza kuwepo.

Kinachozuia zaidi ndani ya nyumba ni dawa kinga. Mkubwa akigundulika na TB ya mapafu, watoto wote wa nyumba hiyo waletwe, hata wasiokohoa. Mwenye dalili huchunguzwa. Asiye na dalili hupewa dawa kinga, ama isoniazidi kila siku kwa miezi sita, ama rifampisini na isoniazidi kila siku kwa miezi mitatu. Mama mwenye TB aendelee kunyonyesha: ugonjwa haupiti kwenye maziwa, hupita kwenye hewa, kwa hiyo avae barakoa, afungue madirisha, na mtoto apate dawa kinga. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali hapa Tanzania ni bure.

Nyumba ya yule bibi ilikuwa na watoto wengine watatu. Mhudumu wa afya wa mtaa aliwafuata wiki ileile. Mmoja, wa miaka minne, alikuwa na tezi shingoni ambazo hakuna aliyezitilia maanani, akaanza matibabu. Wawili walipewa dawa kinga. Bibi alihamia chumba chenye dirisha hadi daktari aliporidhika kuwa hawezi tena kuambukiza. Na yule binti, mwishoni mwa mwezi wa pili, alipanda mzani akiwa na kilo 9 na nusu.