Je, wajua kwa nini kinanda cha bei nafuu hutoa sauti ambazo kiwanda hakikuziweka?

Chukua kinanda kidogo cha plastiki cha betri, kile wanachochezea watoto. Kifungue mgongo, kiwashe, shikilia noti moja, kisha gusa bodi yake kwa kidole kilicholoa. Ukipata mahali penyewe, noti inapanda, inatetemeka, inalia kama mbuzi aliyepotezana na mama yake.

Nililiona jambo hili kwa fundi redio mmoja pale soko la Majengo, Dodoma, mwezi wa saba, ule wakati upepo unapokausha midomo. Nilimpelekea kinanda kibovu cha mtumba. Alipokwisha kukitengeneza aliweka kidole kwenye miguu miwili ya rizista fulani, kile kipande kidogo kinachozuia umeme kupita kwa wingi. Kimya. "Ngozi imekauka na upepo huu," akasema, akachovya kidole kwenye kikombe cha maji. "Haya sasa mwanangu, sikiliza." Noti ikapaa. Alivyozidi kukandamiza, ndivyo ilivyozidi kupanda.

Sababu ni hii. Ndani ya kinanda hicho hakuna uzi unaotetemeka wala mwanzi unaopulizwa. Kuna chipu inayohesabu, na inahesabu kwa kufuata mapigo ya saketi ndogo, yaani mzunguko wa umeme, iitwayo saa. Katika vinanda vingi vya bei nafuu, kasi ya saa hiyo inaamuliwa na rizista moja na kapasita moja tu, yaani kipande kinachojaa umeme na kuumwaga. Rizista ikiwa kubwa, kapasita inachelewa kujaa, na mapigo yanapungua. Kasi ikishuka kwa nusu, noti ya herzi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, inakuwa 220, yaani oktavu nzima chini, na ngoma za ndani nazo zinajikokota, maana vyote vinafuata saa ileile. Kidole chenye maji nacho ni rizista. Ukikiweka juu ya ile ya bodi, umeme unapata njia ya pili ya kupita, saa inakimbia, sauti inapanda. Ngozi kavu huzuia umeme mno, ndiyo maana maji yalihitajika. Kinanda ambacho saa yake inaongozwa na fuwele ya kwatzi, jiwe linalotetemeka kwa kasi ileile, kina msimamo zaidi. Hapo kidole hakifui dafu.

Fundi hakuishia kwenye kidole. Aling'oa ile rizista, akalehemu mahali pake kitufe cha volyumu kutoka redio iliyokufa. Sasa kinanda kizima kilipanda na kushuka kwa kuzungusha mkono.

Kuna njia ya pili, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Vinanda vingine huhifadhi sauti kama namba kwenye chipu ya kumbukumbu, na namba hizo husafiri kwa nyaya nane, kila waya na thamani yake: 1, 2, 4, 8, mpaka 128. Namba 5 ni waya wa 4 na wa 1 vikiwa vimewaka. Unganisha waya wa 4 na ule wa 128, na chipu inaweza kusoma 133 badala ya 5. Wimbi lililokuwa laini linaruka kama gari kwenye matuta, nawe unasikia mkwaruzo, kengele, au kitu kisicho na jina. Ndiyo sababu kinanda cha Casio SK-1 cha miaka ya 1980, chenye vitufe 32 na uwezo wa kurekodi sauti kwa sekunde 1.4, kinapendwa sana na watu wa kazi hii. Vya siku hizi vingi vimefunika kila kitu chini ya tone jeusi la gundi, na nyaya hizo huzifikii.

Mmarekani Reed Ghazala ndiye aliyelieneza jambo hili. Miaka ya 1960 kikuza sauti kidogo kilichokuwa wazi kwenye droo yake kilipiga shoti kikaanza kulia chenyewe. Mwaka 1992 akaipa kazi hiyo jina, "circuit bending", yaani kupinda saketi.

Ukitaka kujaribu, tumia betri tu. Adapta ing'oe kabisa, kwa sababu ya ukutani ni volti 230 na hiyo haina mchezo. Usiunganishe chochote na njia za betri. Kinanda kikiganda au chipu ikipata moto, chomoa betri mara moja.

Kwa masikio ya Dodoma mngurumo wa kinanda kilichopindwa hivyo si mgeni. Ilimba ya Wagogo, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, hutobolewa tundu na kufunikwa utando wa buibui makusudi, ili kila noti ivume. Mvumo huo ni sehemu ya uzuri wake. Nilikipeleka kinanda changu kwa kaka mmoja mpiga ilimba, upande wa Chamwino. Ilimba haifuati nusu-toni za kinanda, kwa hiyo vikipigwa pamoja hugombana. Nilizungusha kile kitufe polepole mpaka noti ya chini ya kinanda ikakaa sawasawa juu ya ulimi mrefu wa ilimba yake. Ya pili nayo ikakubali. Ya tatu ilibaki juu kidogo. Akatikisa kichwa, akaniambia niiruke, akaendelea kupiga.