Nunda hatishi? Maoni ya wasomaji kuhusu michoro yangu

Rasimu ya michoro ya Nunda Mla Watu imeshapita mikononi mwa wasomaji wa Unguja na Pemba, na maoni yao ninayo. Mchoraji wa vitabu vya watoto kama mimi amezoea kuambiwa rangi imekolea mno, au yule mvuvi kapewa vidole sita. Safari hii watu wamezungumzia hofu, tena bila kunionea haya.

Kwa asiyeijua, hii ni hadithi ya kwetu. Edward Steere aliinukuu kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Mwaka 1901 George Bateman akaitoa kwa Kiingereza kule Chicago, na picha zikachorwa na Walter Bobbett. Sultani Majinuni ana watoto saba wa kiume, na ana paka. Paka anaanza kula mifugo. Watu wakishtaki, sultani anawajibu kuwa paka ni wake na hiyo mifugo ni yake vilevile. Mnyama ananenepa, anahamia kwa watu, mpaka siku anapowaua wana watatu wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba mtu anapokubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Kitinda mimba anafunga safari kwenda kumsaka.

Vijana wamenilaumu karibu wote kwa jambo moja: nunda wangu hatishi. Nilimchora kama mama wa hadithini alivyomweleza mwanawe, yaani masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka mawili kama ya ngawa, mkia mnene. Kijana mmoja wa Ng'ambo akaniandikia, "Huyu ngawa kashiba tu." Nilicheka, lakini meno sikumwongezea. Tukimjaza meno na damu tutapata dude la sinema, na dude la namna hiyo halitoki nyumbani kwa mtu.

Hofu ya hadithi hii imo mwanzoni, wakati mnyama bado anapapaswa kichwa. Mama mmoja wa Wete aliniambia picha iliyomkosesha raha ni ya paka akilamba kidole cha sultani, na nyuma yake, mlangoni, mchungaji kasimama na kamba tupu mkononi. Nilipoichora niliidhani ya kupitia tu. Sasa nimeipa kurasa mbili nzima.

Wazee wa Unguja wao walimwona chui. Huku kisiwani watu walikuwa wakiamini kuwa wako chui wa kufugwa, wanaotumwa na wachawi kwenda kudhuru, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapita kampeni kubwa ya kuwaua. Kwa mtu aliyekua na habari hizo, mnyama mwenye mwenyewe hahitaji kufafanuliwa. Pemba chui hawakuwako, na wasomaji wa huko hawakumtaja hata kidogo. Mazungumzo yao yote yalikuwa juu ya sultani.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, umezuka kwa twiga. Kijana wa hadithi hamjui nunda kwa sura. Anaua mbwa, anamkokota hadi nyumbani huku akiimba kwamba amemuua nunda mla watu, na mama anamjibu kwa wimbo kuwa siye. Anarudi porini. Wanafuata wengine, twiga, faru, hata ndovu, na jibu la mama ni lile lile. Mabibi waliozoea kusimulia wanaipenda sana sehemu hii, maana hapo ndipo watoto wanapoitikia. Lakini msichana wa darasa la tano aliandika pembeni mwa rasimu, kwa penseli: "Twiga kakosa nini?" Wazazi wawili wakamuunga mkono, wakataka ukurasa ule utolewe.

Sitautoa. Swali la mtoto ni la haki, na kuufuta ukurasa ni kumnyima la kuulizia. Isitoshe, ushujaa wa kijana huyu ndio ulivyo: anatoka akiwa hajui anachokiendea, mkono wake unatangulia akili, na kila anayemuua ni mkubwa kuliko aliyetangulia lakini siye. Mchoraji akimsafisha atakuwa amempa ushujaa wa bure.

Nilichobadilisha ni macho ya twiga. Kwanza yalikuwa yamefumba. Sasa yako wazi, yanamtazama msomaji, na wimbo nimeuandika chini yake kwa herufi kubwa. Atakayeweza kuuimba hapo, na auimbe.